Maswali Yenu: Laptopu ya kusomea ubunifu majengo, soma namba usisome stika

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana waliochaguliwa vyuoni na kwa wazazi wao, na karibu zote zinauliza jambo moja, mashine gani inafaa kwa mtu anayeenda kusoma akitekcha. Nimechukua nne.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mbeya, nimechaguliwa Chuo Kikuu Ardhi kusoma ubunifu majengo, miaka mitano. Baba amenitengea milioni 1 na laki 6 ya laptopu. Kuna winga (dalali) wa Kariakoo amenitumia picha WhatsApp, HP EliteBook 840 G3, anasema ni Core i7, RAM 16, SSD 512 na "grafiksi 8GB", anataka laki 7 na nusu, na anasema nikichelewa anampa mtu mwingine. Kaka zangu wa mtaani wanasema hiyo ni ya ofisini, nitafute ya gemu. Mi sijui lolote. Nichukue? Na itanifikisha mwaka wa tano?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, umeingia kozi ngumu ila tamu. Usitume hela.

840 G3 sio mashine mbaya, kwa mtu wa uhasibu au wa kuandika ripoti ni ngumu na inadumu, ila kwa kazi unayoenda kufanya wewe haifai, na maneno aliyokupa huyo winga yanaficha zaidi ya yanavyoonyesha. Tuanze na hiyo Core i7, ambalo ni jina la prosesa, ubongo wa mashine. Peke yake haikwambii kitu mpaka usome namba zinazofuata. Mwambie akutumie jina kamili la prosesa, kwenye 840 G3 ya i7 atakutumia kitu kama i7-6600U. Ile 6 ya mwanzo ni kizazi, yaani kizazi cha 6, na herufi U ya mwisho maana yake ilitengenezwa ili itumie umeme kidogo ikae kwenye laptopu nyembamba bila kupata moto, ndani ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Sasa weka pembeni yake i5-8300H. Kwa stika i5 iko chini ya i7 na wengi dukani wanaipita bila kuiangalia, lakini ina viini vinne, ni kizazi cha 8, na H ni herufi ya mashine za kazi nzito. Kwa kazi zetu i5 hiyo inaiacha mbali i7 ile.

Afu kuna suala la Windows. Microsoft walimaliza saport ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel orodha yao rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukitoa chache sana. Mafundi wanajua kuilazimisha ikae kwenye mashine za zamani zaidi na inakaa kweli, lakini wewe una miaka mitano mbele, usianze safari na mashine ambayo tayari iko nje ya orodha. Kwahiyo kizazi cha 8 ndo mstari wako, chini ya hapo usishuke hata kama bei inavutia vipi.

Hiyo "grafiksi 8GB" ndo inayoniumiza zaidi kwa sababu watoto wengi wanaliwa hela hapo hapo. 840 G3 kama hiyo haina kadi ya grafiki ya peke yake, yaani chipu maalum ya kuchora picha za skrini, inatumia ile ndogo ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na hiyo ndogo haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine nzima. Ukifungua Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) ukaenda Performance ukabonyeza GPU (ndo grafiki hiyo), chini utaona mstari umeandikwa "Shared GPU memory". Windows huwa inaweka hapo nusu ya RAM yako. RAM ni 16, nusu yake 8, basi muuzaji anakwambia grafiksi 8GB. Unachotakiwa kutafuta wewe ni mstari mwingine, "Dedicated GPU memory", na pembeni uone GPU ya pili imeandikwa NVIDIA au AMD. Kama pale pembeni kuna GPU 0 peke yake na ni Intel, hiyo mashine haina kadi, mjadala umeisha.

Kwanini nasisitiza kadi? Kwa sababu kazi za studio hazikai sehemu moja ndani ya mashine. Unapochora kwenye AutoCAD, ukijenga modeli kwenye SketchUp au Revit, kazi kubwa inabebwa na kiini kimoja cha prosesa, hapo unataka prosesa yenye mwendo, wingi wa viini haukusaidii sana. Ukianza kurenda, yaani kutoa picha ya jengo inayofanana na halisi, kwa programu ya V-Ray ile ya kutumia prosesa, hapo viini vyote vinaingia kazini, mwenye sita anamaliza wakati mwenye viwili bado anaisubiri picha ya kwanza. Na ukifika kwenye Lumion, Enscape, Twinmotion na D5, zile unazotembea ndani ya jengo ukiona kivuli na majani yanacheza, kazi yote ni ya kadi ya grafiki, na kumbukumbu ya kadi ikijaa programu inaweza kufunga, hata kama RAM unayo 32. Enscape kwa mfano inataka kadi yenye 4GB za kwake kama kiwango cha chini. Kwahiyo 4GB ndo pa kuanzia, 6GB unapumua vizuri.

Sasa kwa bajeti yako. Milioni 1 na laki 6 ni hela ya mtumba mzuri, sio hela ya mashine mpya nzuri, na bora nikwambie wazi kwa sababu ukienda kununua mpya kwa hiyo hela utapewa kitu chembamba kinang'aa chenye prosesa ya U na hakina kadi. Zipo laptopu ambazo makampuni ya nje yalinunulia mainjinia na akitekti wao, zikatumika miaka kadhaa zikauzwa, zikaja huku. Tafuta Lenovo ThinkPad P52, HP ZBook 15 G5, au Dell Precision 7530. Zote tatu ni za kizazi cha 8, nyingi utazikuta na i7-8750H au 8850H ambazo zina viini sita, na kadi ya Quadro P1000 au P2000 yenye 4GB za kwake. Ukipata ya P2000 chukua hiyo, P1000 inafanya kazi ila kwenye Lumion eneo likiwa na miti mingi utaanza kuivumilia. Angalia sana hiyo namba ya mwisho ya modeli, maana ZBook 15 G3 kwa nje inafanana na ndugu zake lakini ni kizazi cha 6, na P51 ni kizazi cha 7, wauzaji wanazichanganya, wengine kwa kutojua wengine kwa kusudi.

Kingine kizuri kwenye mashine hizi, zinafunguka. RAM ni ya kuchomeka, P52 ina sloti nne, kwahiyo ukianza na 16 mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu ukipata boom (hela ya mkopo) unaongeza ukafika 32 bila kununua laptopu nyingine. Prosesa na kadi huwezi kubadilisha kirahisi, RAM na SSD (diski ya kutunzia mafaili) unaweza, basi hela yako yote ya mwanzo iweke kwenye vile visivyobadilika. Hili ndo jambo ningependa ulibebe hata ukisahau mengine yote. Winga atakushawishi na "RAM 32" kwenye prosesa dhaifu, kataa.

Hao kaka zako wa gemu hawajakosea, laptopu ya gemu iliyotumika yenye kadi ya GTX 1660 Ti au RTX 2060, zote 6GB, kwenye kurenda itaipita hiyo Quadro P1000 vizuri tu. Shida zake ni mbili, betri inaisha upesi, na nyingi za bei ya chini zina skrini yenye rangi zilizofifia, unapanga rangi ya tofali la kuchoma unaliona zuri, ukienda kuprinti linatoka jekundu kama nyanya mbele ya walimu. Ukiipata yenye skrini nzuri na haijachoka, chukua bila wasiwasi.

Dukani nenda mwenyewe au mtume mtu unayemwamini, na nenda na nafasi, usiende saa ya kufunga. Izime kabisa afu iwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, ikikuomba paswedi ya BIOS (mipangilio ya ndani inayokuja kabla ya Windows) na muuzaji hana, iache, hiyo bado ina mwenyewe. Ikishawaka fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili, ndani yake linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity", ukikuta ya pili iko chini ya nusu ya ya kwanza jua betri utanunua, kwahiyo omba punguzo hapo hapo. Kisha ichape kazi, fungua modeli nzito ya SketchUp uliyobeba kwenye flashi izungushe, au renda chochote kama dakika 20, huku Task Manager iko wazi unaangalia mwendo wa prosesa. i7-8750H mwendo wake wa msingi ni GHz 2.2, ikishuka chini ya hapo na kubaki huko, mashine inapata joto, inaweza kuwa vumbi au pesti ya kupozea prosesa imekauka, fundi anaitengeneza, ila kama na feni inalia kama inasaga kokoto tafuta nyingine.

Na chaja, usiipuuze chaja. Hizi mashine zinakula umeme, P52 inakuja na chaja ya wati 170, Precision 7530 ya wati 180. Kuna wauzaji wanakuchomekea chaja ndogo ya laptopu ya kawaida kwa sababu tundu linaingia. Dell inaitambua, inakuletea ujumbe kwamba chaja haijulikani au ni ndogo, betri haichaji na prosesa inashushwa mwendo makusudi, wewe unafika chuoni unalalamika mashine nzito kumbe ni chaja. Geuza chaja usome wati nyuma yake kabla hujatoa hela, na chukua risiti.

Jambo la mwisho kwako, huna haja ya kukimbia. Mwaka wa kwanza kazi nyingi za studio ni za mkono, ubao wa kuchorea, T-square, penseli, tresingi, kukata maboksi ya modeli. Ukifika ulizia mwaka wa pili na wa tatu wanatumia programu zipi, ndo ununue. Hela ikibaki nunua mausi yenye gurudumu, bila gurudumu kuzungusha modeli ni mateso. Mashine zote tatu nilizotaja zina namba pembeni ya kibodi, na ukianza kuingiza vipimo vya milimita kwenye AutoCAD utaelewa kwanini nazipenda. Uzito ndo gharama yake, kama kilo 2 na nusu bila chaja, kwenye daladala la asubuhi utausikia begani.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mama wa Mombasa. Binti yangu amepata nafasi JKUAT kule Juja, akitekcha. Yeye moyo wake uko kwa MacBook Air, na mjomba wake aliye Muscat yuko tayari kumletea akija likizo. Mwenye duka hapa mjini ananiambia Mac haifai kwa masomo hayo kabisa. Nisikize nani?

JIBU: Waalaikum salaam mama, Mungu ambariki binti. Mwenye duka ana nusu ya ukweli. Inategemea programu, tena inategemea sana. ArchiCAD, ambayo ina wafuasi wengi mno kwenu Kenya, inafanya kazi vizuri kabisa kwenye Mac, na SketchUp, Rhino, AutoCAD ya Mac, Twinmotion, Blender na programu za Adobe zote zipo. Zisizokuwepo ni Revit, 3ds Max na Lumion, hizo ni za Windows tu. Zamani watu walikuwa wanaweka Windows ndani ya Mac kwa njia ya Boot Camp, lakini tangu Apple walipoleta chipu zao za M, Novemba 2020, njia hiyo haipo tena kwenye hizo Mac mpya, na hizi mbinu nyingine za kuibeba Windows juu ya Mac watu wanazijaribu, ila Autodesk, wenye Revit, hawaziungi mkono, siku ikigoma usiku wa kuamkia prizentesheni hana wa kumuuliza.

Kwahiyo kabla mjomba hajatoa hela, binti awapigie waliotangulia pale chuoni awaulize studio za juu wanatumia nini, sio wanapendelea nini, wanalazimishwa nini. Wakisema ArchiCAD na kurenda kwa Twinmotion, sawa. Wakisema Revit, mshawishi kwa upole achukue ya Windows.

Na kama itakuwa Mac, kuna mambo mawili. La kwanza, Air haina feni ndani yake. Kwa kuchora hana shida, kimya, betri inakaa siku nzima, lakini kwenye kurenda kwa muda mrefu inajishusha mwendo ili isiungue. Kwa mwanafunzi wa akitekcha mimi ningempa MacBook Pro iliyotumika kuliko Air mpya, Pro ina feni. La pili, kumbukumbu ya Mac imegandishwa humo humo, haiongezwi baadaye, kwahiyo asikubali 8GB hata kama bei ni nzuri namna gani, aanzie 16, akiweza 24. Mjomba akinunua Muscat aulize waranti inafanya kazi Kenya au hapana, na aangalie kibodi, kule nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya za Kiingereza, hazizuii kitu ila ni vizuri binti ajue mapema. Plagi ni ya pini tatu kama zenu, hiyo haina tabu.

SWALI: Dada habari. Mimi ni mwaka wa 3, nina laptopu ya gemu yenye RTX 3050, RAM 16, lakini SketchUp inastaki vibaya mpaka wenzangu wenye mashine ndogo wananipita. Fundi anasema niweke RAM 32. Ni kweli?

JIBU: Nzuri. Usiweke RAM bado. Kwanza hakikisha SketchUp inatumia hiyo RTX, kwa sababu laptopu yako ina kadi mbili na Windows mara nyingine inaipa programu ile ya Intel ili kubana betri. Nenda Settings, System, Display, kisha Graphics, itafute SketchUp hapo, chagua High performance, ifunge na kuifungua upya. Pia fanya kazi ikiwa kwenye chaja, laptopu za gemu zikiwa kwenye betri zinajipunguza nguvu.

Kama bado inastaki, tatizo ni modeli. Ile miti na magari na masofa mnayoshusha 3D Warehouse, ile maktaba ya modeli za SketchUp mtandaoni, mti mmoja unaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko jengo lako zima, na wewe umepanda barabara nzima. Nenda Window, Model Info, Statistics, uone idadi, kisha bonyeza Purge Unused, itafuta vitu ulivyovitoa kwenye mchoro ila bado vimekaa ndani ya faili. Miti weka mwishoni, kwenye programu ya kurendia, sio kwenye SketchUp.

SWALI: Umeme umekatika nikiwa kwenye desktopu ya chuo, AutoCAD ikaondoka na kazi ya usiku mzima. Na je flashi inatosha kutunza kazi?

JIBU: Pole sana. Kazi yako huenda bado ipo. Kama uliwahi kusevu angalau mara mbili, angalia foda ile ile yenye mchoro, kutakuwa na faili lenye jina lile lile linaloishia .bak, libadilishe mwisho uwe .dwg lifungue, hilo ni toleo la kabla ya kusevu mara ya mwisho. La karibu zaidi ni lile la kujisevu lenyewe linaloishia .sv$, linakaa kwenye foda ya Temp, andika %temp% kwenye kisanduku cha Run utafika, nalo libadilishe kuwa .dwg. Fanya hivyo leo, na kwenye kompyuta ile ile, maana desktopu za chuo husafishwa. AutoCAD kawaida inajisevu kila dakika 10, andika SAVETIME weka 5. Wa Revit mkisevu mtaona mafaili yanayoishia .0001.rvt, .0002.rvt na kuendelea, msiyafute yote mkidhani ni takataka, hayo ndo matoleo yenu ya nyuma. Na mkifanya kazi kikundi kubalianeni toleo moja la Revit, faili likishafunguliwa na kusevuwa kwenye toleo jipya halirudi tena kwenye la zamani.

Flashi haitoshi. Flashi ni ya kubebea kwenda kuprinti, na zile za stesheneri zinarudi na virusi. Kazi ikae kwenye laptopu, nakala nyingine kwenye diski ya nje inayobaki chumbani usiyotembea nayo kwenye begi moja na laptopu, na nyingine Google Drive, akaunti ya bure inakupa 15GB, inatosha kwa mafaili ya muhula. Na kwa wote mnaoniuliza kuhusu programu za kukraki, Autodesk wanatoa AutoCAD na Revit bure kwa mwanafunzi, unathibitisha kwa kitambulisho au barua ya chuo na unahuisha kila mwaka, Graphisoft nao wanatoa ArchiCAD bure kwa wanafunzi. Ombeni hizo wiki ya kwanza mkishapata kitambulisho, maana uthibitisho unaweza kuchukua siku kadhaa.